Maswali na majibu: Desemba wagonjwa wanatoka wapi?

Barua za safari hii zimetoka Moshi zote, na zote zinahusu namba za MTUHA, yaani mfumo wa kukusanya takwimu za vituo vya afya.

Kila mwisho wa mwezi nahesabu tali, vile vijistari vya kila mgonjwa, hadi usiku. Zikishaingia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, mimi zinanifaa nini? (Muuguzi wa zahanati, Kibosho)

Wilayani zinaingia kwenye mpango wa halmashauri, kwenye bajeti na dawa. Ila usingoje wilaya ikusomee kitabu chako mwenyewe. Chukua Penta, chanjo ya watoto ya magonjwa matano, inayochomwa mara tatu. Tuseme watoto 40 walichomwa ya kwanza wakiwa na wiki 6, na kati yao 31 tu wakarudi kwa ya tatu, wiki ya 14. Tisa wamepotea, yaani asilimia 22.5, wakati hata ikizidi 10 tayari ni tatizo. Fungua rejista, andika kila aliyepotea anatoka kitongoji gani. Ukikuta sita wanatoka ng'ambo ya korongo lilelile, na miezi yenyewe ni Aprili na Mei, huhitaji semina: mama havuki tope lile na mtoto mgongoni. Huduma ya mkoba, yaani wahudumu kufuata watu kijijini, iende huko. (Fuata watoto walewale kwa majina. Penta 1 na Penta 3 za mwezi mmoja ni watoto tofauti.)

Kikaoni tumeambiwa chanjo imefika asilimia 112. Inawezekanaje kuzidi mia? (Mjumbe wa kamati ya kituo, Pasua)

Si lazima mtu awe amepika takwimu, ingawa kuuliza ni haki yenu. Asilimia hiyo ni namba moja kugawanywa kwa nyingine. Juu ni waliochanjwa. Chini ni watoto wa eneo lenu wanaokadiriwa kutokana na sensa. Mama wa Moshi Vijijini akija sokoni, mtoto akachanjwa kwenu, juu yumo, chini hayumo.

Na Desemba ndiyo usiseme! Sensa ya 2022 ilihesabu watu walipolala usiku wa kuamkia Agosti 23, wakati vijiji vya migombani vina wazee tu. Krismasi ikikaribia, Dar yote inapanda Marangu na Rombo na watoto wake, mafua yake na ajali zake. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, anayeagiza dawa za Desemba kwa kutazama Oktoba ataishiwa kabla ya sikukuu. Atazame Desemba iliyopita.

Jina langu linafika wizarani? (Mama mjamzito, Majengo)

Ripoti ya mwezi hubeba jumla, si majina. Jina linabaki kwenye rejista, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakulinda. Ukiona rejista imeachwa wazi dirishani, sema.

Nikiacha kiboksi wazi, si sawa na kuandika sifuri? (Mtunza takwimu, Mabogini)

Hata kidogo. Sifuri ni kusema tumepima, hatukupata. Wazi ni kusema hatujui. Kama vipimo vya malaria viliisha tarehe 3 nawe ukajaza sifuri, wilayani watasoma kwamba mashamba ya mpunga yamekuwa salama ghafla, na vipimo watapelekewa wengine.