Kiwanja cha Bujora: juu kwenye mawe au chini mbugani?

SWALI: Shikamoo mhariri. Natafuta kiwanja Kisesa, karibu na Mwanza, upande wa Bujora. Mbona wenyeji wa zamani walijenga juu karibu na mawe, na nyumba mpya za bondeni zinapasuka kuta?

JIBU: Marahaba. Wasukuma walipanga makazi kwa kufuata udongo. Juu ni luseni, mchanga mwepesi unaopitisha maji upesi: hapo wakajenga na kuzungusha ua wa minyaa. Bondeni ni mbuga, udongo mweusi wa kilimo na malisho. Masika mbuga huvimba, kiangazi hunywea, na msingi mfupi hupandishwa na kushushwa nao. Ndipo nyufa za mshazari huanzia kwenye pembe za madirisha.

Nenda kukagua Agosti au Septemba. Nyufa za ardhini zikimeza vidole, hiyo ni mbuga. Ukiipenda hata hivyo, fundi achimbe kupita udongo unaochezacheza, mara nyingi zaidi ya mita 1, afunge mkanda wa zege wenye nondo, na maji ya paa yapelekwe mbali na ukuta. Kifusi peke yake hakitoshi.

Sisi tungechagua mteremkoni, ingawa kuchimba choo kwenye mawe ni kazi ngumu.

Kijiji chenyewe cha Bujora kinajulikana kwa Makumbusho ya Wasukuma, kazi ya Padre David Clement kutoka Kanada. Juni kuna Bulabo, tamasha la ngoma, ambapo vikundi viwili vya jadi vya wachezaji, Bagika na Bagalu, hushindana kucheza. Utasikia ngoma hadi nyumbani.