Unaanza kusoma seli za kinga za ngozi? Usikariri majina, angalia mahali na saa

Wadogo zangu mnaoanza kusoma kinga ya mwili, hasa mliopangiwa mambo ya ngozi, niwaambie nilivyopoteza muda mimi. Nilikariri. Yaani nilikuwa na karatasi nzima ya majina, seli za Langerhans, seli T, seli masti, makrofaji, kila moja na kazi yake pembeni, mtihani nikafaulu vizuri tu, halafu siku ya kwanza nakaa kwenye darubini naambiwa hesabu seli za Langerhans nikaanza kuhesabu kila kitu cha kahawia nilichokiona. Nikafika hamsini na kitu, najiona mtaalamu. Aliyekuwa ananielekeza akachungulia akauliza, "mbona zako zote zimepanga foleni kule chini?" Kumbe nahesabu melanini, rangi ya ngozi yenyewe, maana ile rangi tuliyopaka slaidi nayo inatoa kahawia ileile.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni hii seli imekaa wapi. Langerhans ziko katikati ya epidemisi, lile tabaka la juu, zimechomeka mikono yao katikati ya seli zingine kama mizizi, wakati melanini imejaa zaidi safu ya chini. Na kama ngozi ina melanini nyingi omba slaidi ipakwe rangi nyekundu badala ya kahawia, utajiokolea jioni nzima. Wala usijione mjinga ukikosea, Paul Langerhans mwenyewe alipoziona 1868, bado mwanafunzi wa udaktari kule Berlin, alidhani ni mishipa ya fahamu kwa sababu ya ile mikono. Ikapita zaidi ya miaka 100 ndo watu wakaanza kuelewa kwamba ni seli za kinga, zinanasa vitu vigeni na kuvipeleka kwenye tezi za limfu kuzionyesha seli T, aina ya chembe nyeupe za damu.

Cha pili ni saa, na hapa ndo naona wengi mnapotea. Jikwaruze mkono kwa ukucha, usijiumize, kwaruza tu. Mstari mwekundu unatokea haraka, kisha wekundu unasambaa pembeni, na kwa wengine panavimba kabisa (kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani sana, pitisha kidole utausikia uvimbe). Hizo ni seli masti, ziko kwenye damisi, tabaka lililo chini ya epidemisi, karibu na mishipa ya damu, zimebeba histamini tayari, ile kemikali inayoleta wekundu na uvimbe, kazi yao ni dakika. Sasa linganisha na mtu mwenye aleji ya madini ya nikeli aliyevaa saa ya mkononi, huyo anaanza kuwashwa kesho au keshokutwa, ndo maana mara nyingi hata hakumbuki kilichomgusa. Hizo ni seli T, zina kumbukumbu ila haziji mbio. Kipimo cha TB cha kuchoma ngozini kinasomwa baada ya saa 48 hadi 72 kwa sababu hiyohiyo, ukisoma baada ya saa moja unasoma kidonda cha sindano tu.

Na hizo seli T si wageni. Ngozi ya mtu mzima inakadiriwa kuwa na kama bilioni 20, karibu mara mbili ya zilizopo kwenye damu yote, na nyingi zimehamia hapo moja kwa moja. Mfano ninaoupenda ni wale ambao kila wakimeza dawa fulani, tuseme za salfa, wanapata baka jeusi palepale, mdomoni au mkononi, wakiacha linatulia, wakirudia linawaka tena sehemu ileile wakati dawa imezunguka mwili mzima! Seli T zilizobaki kwenye kile kipande ndo zinaanzisha.

Ndo maana mimi hizi habari za "kuongeza kinga ya ngozi" zinanichosha kidogo. Kwenye soriasisi, ule ugonjwa wa mabaka yenye magamba, kinga imezidi, kwenye vitiligo seli T zinaua seli zinazotengeneza rangi, na tiba nyingi hapo zinaituliza kinga. Muda mwingi seli hizi kazi yao kubwa ni kunyamaza, maana juu ya ngozi kumejaa bakteria wa kawaida na zingepigana na wote tungekuwa vidonda watupu.

La mwisho ni fomu ya sampuli, someni kabla ya kugusa darubini. Jua kali linapunguza Langerhans, kwa hiyo ngozi ya mkono na ya makalio ya mtu huyohuyo hazilingani. Mimi niliwahi kulinganisha sampuli za usoni na za mgongoni wiki nzima nikidhani nimegundua ugonjwa, nimegundua jua tu. Fomu ikiwa imeandikwa "ngozi" bila kusema ya wapi, irudishe.