Waache Wamchukie Nora Kwanza

Mwalimu mwenzangu uliyeletwa Nakuru juzi na kukabidhiwa fasihi ya Kiingereza kidato cha tatu, karibu. Kuna swali utakaloulizwa kila mwaka kuhusu wanawake wa vitabuni, na halimo katika mtihani wowote: "Mwalimu, huyu mama ana akili kweli?" Usilizime.

Mimi nililisikia zaidi enzi A Doll's House ya Henrik Ibsen ilipokuwa kitabu teule. Nora Helmer anaghushi sahihi ya babake ili akope pesa za kumwokoa mumewe mgonjwa, anahangaika miaka kulipa kisirisiri, halafu mwishoni anamwacha mume pamoja na watoto watatu na kuufunga mlango nyuma yake. Mkopo haukuwatatiza wanafunzi wangu. Hapa kwetu nani hamjui mama aliyekopa kwenye chama bila baba kuambiwa? Watoto ndio waliowasha moto. Wasichana waliolelewa na nyanya zao walimkasirikia Nora kama jirani wa mtaani.

Mwalimu mpya hapo hukimbilia kutuliza. Huwaeleza kwamba Nora anawakilisha ukombozi wa mwanamke, darasa linanakili, na mwisho wa muhula unasahihisha insha arobaini zinazosema "Nora ni jasiri" na kukomea hapo. Badala yake, wasimulie yaliyotokea 1880. Tamthilia ilikuwa imeigizwa kwa mara ya kwanza Copenhagen Desemba 1879. Ilipopelekwa Ujerumani, mwigizaji Hedwig Niemann-Raabe alikataa katakata kuwa mama anayewatupa wanawe. Hakimiliki ya Ibsen haikulindwa huko, na yeyote angeweza kumbandikia mwisho autakao, kwa hiyo akaona heri aiharibu kazi yake kwa mkono wake mwenyewe. Aliandika mwisho ambamo Torvald, mumewe Nora, anamlazimisha awatazame watoto wamelala, naye anaishiwa nguvu mlangoni, haondoki. Ibsen hakuupenda kamwe; aliuona ni unyama uliofanyiwa mchezo wake.

Darasa likisikia hayo linanyamaza kidogo, maana hasira yao iliwahi kubadilisha tamthilia nzima. Sasa waulize maswali mawili, kwa zamu: mwisho upi ungelipa kiingilio kuutazama? Na upi unauamini? Majibu hayalingani hata kwa mtu mmoja, na hapo ndipo insha ya kweli inapoanzia.

Kwa Resian wa Blossoms of the Savannah, riwaya ya Henry ole Kulet ya 2008, shida ni kinyume. Watoto wa Nakuru wanampenda kupita kiasi. Familia yake inahama kutoka Nakuru kwenda Nasila, na ndoto yake ni Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho kwa wanafunzi wetu ni safari ya matatu tu hadi Njoro. Kwa sababu ya ujirani huo wanamsamehe kila kitu. Basi walazimishe watafute kurasa ambamo Resian ni mgumu kuishi naye, kununa kwake na hasira zake, kisha wamweke kando ya dadake Taiyo, mpole zaidi, na waone upole ulimfikisha wapi. Atatokea wa kuuliza mbona dada hawa, wanaotishiwa ukeketaji, hawakukimbilia polisi. Mkumbushe kwamba Sheria ya Watoto ya 2001 iliwakinga walio chini ya miaka 18 peke yao. Iliyopiga marufuku ukeketaji kwa wanawake wa umri wowote ilikuja 2011, baada ya kitabu.

Halafu vinakuja vikundi vya maigizo. Waigizaji wachache, leso mbili tatu, na riwaya nzima inaisha kabla ya chakula cha mchana. Sivibezi. Mwanafunzi asiyevuka sura ya pili huwa anatokwa na machozi pale ukumbini. Lakini kikundi kinahitaji ukumbi ucheke na umpende mhusika mkuu haraka, kwa hiyo Resian anaingia na ulimi mkali tangu dakika ya kwanza, na vichekesho vyake vinahusu mitaa yetu. Wiki inayofuata utavikuta kwenye insha, vimenukuliwa kana kwamba vina ukurasa.

Filamu nazo ni hivyo hivyo. Fanny Price wa Mansfield Park, riwaya ya Jane Austen ya 1814, ni mnyonge wa afya, mwoga, mwenye maadili ya kuchosha. Patricia Rozema alipoitengeneza filamu ya 1999 alichota barua na maandishi ya utotoni ya Austen mwenyewe akampa Fanny, akatoka binti mcheshi anayeandika. Filamu naipenda, na Fanny wa kitabuni ananichosha mpaka leo. Hata hivyo ni yule mwoga, anayekula kwa hisani ya mjomba, anayeikataa posa ya Henry Crawford mwenye mali. Kukataa kwake kuna uzito kwa kuwa hakuzaliwa na ujasiri huo.

Kwa hiyo kila mwanafunzi aandike nusu ukurasa kabla ya onyesho: mwanamke huyu ananiudhi wapi, ukurasa gani. Usizitie alama karatasi hizo, wataanza kukuandikia unachotaka kusikia. Zifungie kabatini, na kikundi kikishaondoka warudishie waongeze chini yake kwa kalamu ya rangi nyingine. Omba pia onyesho lije baada ya darasa kumaliza kitabu. Mkuu wa idara atakwambia tarehe zimeshapangwa. Mwombe hata hivyo.