Rada milimani: usiamini mng'ao kabla ya kuusawazisha

Ukitumia picha za Sentinel-1, setilaiti za rada za Ulaya, kuchora ramani ya misitu ya Usambara, kuna swali utakutana nalo mapema: kwa nini msitu mmoja, ulioenea pande zote mbili za mgongo wa mlima, unang'aa sana upande huu na kufifia upande ule? Nimeona ramani nzuri kwa macho zikiita upande mmoja msitu na wa pili vichaka, kwa sababu hiyo tu.

Rada hutazama kwa kuinamia ubavuni. Sentinel-1 hutazama kulia, kwa pembe ya takriban digrii 29 hadi 46 kutoka wima. Inapopita kuelekea kaskazini, inatazama mashariki, hivyo miteremko inayoelekea magharibi inaipokea uso kwa uso na mwangwi wa eneo kubwa unabanwa kwenye pikseli chache. Mteremko ukiwa mkali kuliko pembe hiyo, kilele hujibu kabla ya bonde, na kwenye picha kinalala juu ya bonde.

Wengi huishia kwenye hatua ya "Terrain Correction" ndani ya SNAP, programu ya kuchakata picha hizi, wakidhani kazi imekwisha. Hatua hiyo hurudisha kila kitu mahali pake kwenye ramani, lakini mng'ao unabaki uleule. Hata picha za Sentinel-1 zilizomo Google Earth Engine, jukwaa la mtandaoni la picha za setilaiti, ziko hivyo. Kinachohitajika ni "Terrain Flattening": kalibreti picha kwa beta sifuri (kipimo cha mng'ao ambacho bado hakijahesabu mteremko wa ardhi), sawazisha mng'ao, kisha ndipo urekebishe mahali. Asiye na kompyuta yenye nguvu anaweza kuagiza picha zilizokwisha sawazishwa kutoka Alaska Satellite Facility, kituo cha data za rada huko Marekani, bila malipo.

Data ya miinuko ndiyo roho ya kazi hii. Mimi huchagua ile ya Copernicus, mpango wa Ulaya wa kutazama dunia, yenye pikseli za mita 30. Ukitumia ya mita 90, vilima vidogo havionekani kabisa kwenye hesabu na mng'ao wake hautaguswa. Ukiona mistari miwili, mweupe na mweusi, ikifuatana kandokando ya migongo ya milima, data ya miinuko na picha hazijakaa sawasawa, usiendelee. Na usilazimishe matokeo ya mita 10 kutoka kwenye miinuko ya mita 30. Chenga, yaani vidoa vya nasibu vya mng'ao vilivyo kwenye kila picha ya rada, mimi huzichuja mwishoni, zikiwa zimebaki chenga peke yake.

Kisha pima. Chukua msitu uleule pande mbili za mgongo mmoja, ulinganishe wastani wa desibeli (kipimo cha nguvu ya mwangwi) kabla na baada. Tofauti isipopungua, rudi kwenye miinuko kabla ya kugusa kichujio.

Maeneo ambayo kilele kimelalia bonde, au yaliyoangukia kivulini ambako mawimbi ya rada hayafiki, hayatibiki. Yafiche kwa barakoa, usiyajaze kwa wastani wa majirani. Kama eneo lako lina picha za mapito ya kwenda kusini pia, chukua za majira yaleyale, uzisawazishe kwa njia ileile, na mteremko uliofichika uusome huko.