Pishi moja ni kilo ngapi? Kwanza uliza: ya mfuto au ya tele

Ndugu uliyeuliza pishi na debe ni kilo ngapi, na ekari ya shamba hupimwaje, kwa vile unataka kuchukua mahindi Handeni, maharage Lushoto na mchele Mombo uje uuze rejareja hapa Tanga mjini: namba moja ya kugeuzia vyote haipo, na ukiishika moja itakula mtaji wako. Kibaba, pishi na debe hupima ujazo, mizani hupima uzito. Debe la mpunga na debe la mchele ni debe lilelile, lakini uzito wake ni mbalimbali kabisa.

Hesabu ya asili ni hii: vibaba 4 ni pishi 1, pishi 6 ni frasila 1. Kibaba cha nafaka kilichukuliwa kuwa ratili moja na nusu, gramu 680 hivi. Pishi ni ratili 6, kama kilo 2.7, na frasila ni kilo 16 na kidogo. Frasila ilikuwa ya wafanyabiashara wa pembe na karafuu. Pishi bado iko hai, hasa mwisho wa Ramadhani watu wanapopima zaka ya fitri.

Sasa njoo kwenye mfuto na tele. Kibaba cha mfuto kimefutwa juu, kiko sawa na mdomo wa kopo. Cha tele kina kilima. Kwenye mahindi, debe, yaani ndoo ya lita 20, la mfuto hutoa kilo 15 hivi, la tele hufika 17 au 18. Ukinunua kwa mfuto kwa bei ya tele, umeshaacha kilo mbili shambani. Kwa hiyo patana hilo kabla ya bei. Kufuta kufanywe kwa kijiti kilichonyooka. Kiganja hapana, kwa sababu kimejipinda na kinachimba katikati. Angalia pia vidole vya anayepima: kidole gumba kikiwa ndani ya kopo, kila kibaba kinapungua.

Kwa lita 20 za mfuto, kadiria maharage kilo 16, mchele 16 hadi 17, mpunga 11 hadi 12. Unga wa mahindi ni kama mpunga, ila unga ni mgumu kuuamini: tikisa ndoo mara tatu tu, unashuka vidole viwili.

Chombo chenyewe nacho kipime. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, uhesabu zinazoingia. Ndoo ya lita 20 inapokea chupa 13 na theluthi. Debe la bati lililobonyezwa kitako likijaa kwa chupa 12, hilo ni la lita 18. Lita 2 zilizopungua ni kilo 1.5 za mahindi, na kwenye madebe 6 ni kilo 9. Tembea na kopo lako ulilolipima, ujue linachukua gramu ngapi za kila nafaka.

Usidhani mizani inamaliza kila kitu. Hakikisha iko sifuri kabla ya kupakia na ina muhuri wa Wakala wa Vipimo, halafu tafuna punje. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 18, kilo 100, yakikauka hadi asilimia 13 yanabaki kilo 94 na kidogo. Mizani imesema kweli, ila kilo karibu 6 ulizolipia ni maji. Punje kavu hukatika kwa mlio, mbichi hubonyea chini ya jino.

Ukifika kwa wavuvi kununua kamba ya kufungia, utauziwa kwa pima. Pima 1 ni mikono 4, kama mita 1.8, mikono ikiwa imenyooshwa huku na huku. Mkono kamili, yaani dhiraa, unatoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Dhiraa konde inaishia kwenye ngumi, kwa hiyo ni fupi. Jipime nyumbani kwa futi kamba ujue pima yako. Boriti na fito huhesabiwa kwa korja, na korja ni 20.

Umetaja pia shamba. Ekari kwa hatua ni 70 kwa 70, hatua moja ikiwa kama sentimita 91. Ekari ni mita za mraba 4,047. Akikupimia mtu wa hatua fupi, tuseme sentimita 80, upande unakuwa mita 56 na eneo zima mita za mraba 3,136. Hapo unalipia ekari nzima na karibu robo yake haipo. Nenda na kamba ya mita 64 yenye fundo kila mita 8, uivute pande zote nne, kisha pima pembe kwa pembe: mishazari miwili isipolingana, kiwanja kimepinda hata kama pande zote ni sawa.