Simbilisi akijikuna, anza na mizani

Simbilisi, au ginipigi kama watoto wa mjini wanavyomwita, akijikuna mpaka manyoya yakang'oka mabegani na mgongoni, wenye kuanza kufuga huku Malindi hukimbilia duka la dawa za mifugo, wakarudi na dawa ya kupe ya ng'ombe au unga wa kunyunyizia kuku. Acheni. Amitrazi ya josho si ya mnyama wa gramu 900 anayejilamba mwili mzima, na ile dawa ya viroboto ya mbwa yenye fiproni nayo ikae mbali. Mwekeni kwanza kwenye mizani ya jikoni, mwandike uzito, kisha mfunue manyoya muone.

Mnachotafuta ni hiki. Utitiri uitwao Trixacarus caviae huchimba ndani ya ngozi. Ngozi huwa nene na yenye magamba ya manjano, na kipara mara nyingi huchora kama herufi V toka mabegani kuelekea kiunoni. Muwasho wake ni wa kutisha: ukimgusa mgongoni huzunguka, huanguka, hata hupata degedege kama mwenye kifafa, na watu hudhani amekula sumu. Akiwa hivyo, punguzeni kumshika, msimwogeshe, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Utitiri wa pili, Chirodiscoides caviae, hukaa kwenye nywele tu, hauwashi sana, na huonekana kama vumbi lililoganda kwenye unyoya. Chawa nao ni wepesi kuwatambua: ukipuliza manyoya unawaona wakikimbia.

Si kila kipara ni utitiri. Choa huanzia puani, kuzunguka macho na masikioni, kikiwa na ukavu unaobanduka, na kinaambukiza watu. Jike mzima anayepoteza manyoya ubavuni, sawasawa kushoto na kulia, bila muwasho, huenda ana uvimbe wa maji kwenye ovari. Daktari hukwangua ngozi na kutazama kwa hadubini, lakini utitiri wa kuchimba mara nyingine haupatikani hata ukiwepo, kwa hiyo dalili zikiwa wazi hutibu tu. Hilo si uzembe wake.

Sasa dawa, na hapa ndipo simbilisi wengi hufa. Ivermektini ndiyo itumikayo sana, kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa kila kilo, sindano chini ya ngozi. Chupa iliyo dukani ni ya ng'ombe na mbuzi, asilimia 1, maana yake miligramu 10 katika kila mililita. Pigeni hesabu: mnyama wa kilo 0.9 kwa kipimo cha 0.4 anahitaji miligramu 0.36. Gawanya kwa 10, unapata mililita 0.036. Kwenye bomba dogo la insulini lenye mistari 100 kwa mililita, hiyo ni mistari mitatu na nusu hivi, karibu tone moja. Anayesoma 0.36 akavuta 0.36 amempa mara kumi. Ndiyo sababu daktari huizimua kwanza, na ndiyo sababu kazi hii mwachieni yeye. Nyinyi mpelekeeni uzito wa leo, si wa mwezi jana. Kumnywesha kwa mdomo pia si njia ya kutegemea, kwa kuwa dawa hufyonzwa kwa kubahatisha. Selamektini ya kudondosha shingoni ni mbadala mzuri ikipatikana, nayo hupimwa kwa uzito vilevile.

Sindano moja haitoshi. Dawa haiui mayai, na mayai hayo huanguliwa baadaye. Hurudiwa kila baada ya siku 7 hadi 14, mara mbili au tatu kwa uchache. Tena watibiwe wote walioishi pamoja, hata wasiojikuna, maana anaweza kuubeba utitiri miezi bila dalili. Siku ya kila sindano tupeni malalio yote, msugue kizimba kwa maji ya moto na sabuni, mkianike juani. Kizimba cha mbao kina nyufa; hapo ndipo brashi ifanye kazi. Wakati mnakianika, wanyama wabaki kivulini. Jua la kaskazi, Desemba hadi Machi, huwaua upesi kuliko utitiri. Joto likipita nyuzi 27 simbilisi huanza kutaabika, na chumba cha mabati saa nane mchana hupita hapo kwa mbali. Chupa ya maji yaliyogandishwa, imefungwa kitambaa, ilazwe kando yake.

Kuna onyo moja ambalo halihusu utitiri lakini linawahusu nyote. Vidonda vya kujikuna vikiingia usaha, mtu humpa amoksilini iliyobaki nyumbani. Usithubutu. Penisilini, ampisilini, amoksilini, klindamaisini na eritromaisini huua bakteria wema wa tumbo la simbilisi, wabaya wakashika nafasi, akafa kwa kuhara ndani ya siku chache. Kuna antibayotiki zinazomfaa, daktari anazijua.

Swali la maana ni kwa nini utitiri umelipuka sasa. Mara nyingi jibu liko kwenye chakula. Mwili wa simbilisi hautengenezi vitamini C, kama wetu, na akiikosa hupata kiseyeye, kilekile cha mabaharia wa zamani: viungo huvimba, fizi hutoka damu, hakubali kutembea, manyoya huparara. Mnyama dhaifu hivyo, au jike mwenye mimba, ndiye utitiri humshinda. Mzima anahitaji miligramu 10 kwa kilo kila siku. Mgonjwa, mja mzito na mtoto hufika 30.

Pilipili hoho mbichi ya kijani ina takriban miligramu 80 katika gramu 100, kwa hiyo kipande cha gramu 25 kinamtosha mgonjwa wetu wa gramu 900 kwa sehemu kubwa. Pera lina zaidi ya hapo, ila lina sukari. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba, mara mbili kwa wiki, basi. Msitie vitamini kwenye maji ya kunywa: huharibika haraka, na maji yakibadilika ladha ataacha kunywa. Kidonge cha miligramu 100 kisicho na vitamini nyingine, robo yake, huyeyushwa na kupewa kwa bomba bila sindano.

Lakini uti wa chakula ni nyasi kavu, wakati wote, bila kipimo. Nyasi za Rhodes zilizofungwa beli ni nzuri ikiwa ya kijani na harufu tamu. Yenye ukungu au vumbi irudisheni. Nyasi ndizo zinazosaga meno yasiyoacha kukua. Lusini (alfalfa) ni ya watoto na wenye mimba tu, kwa mzima kalisiamu yake hugeuka mawe ya kibofu. Kwa sababu hiyohiyo mchicha usiwe wa kila siku, na maji ya kisima yenye chumvi msiyategemee kama ya bomba yapo. Dania, maganda mabichi ya mahindi na matembele kidogo ni sawa. Kisamvu kibichi, mnavu, kitunguu, parachichi, majani ya viazi ulaya na mkate, hapana. Chakula cha sungura cha punje hakina vitamini C ya kutosha, na hata cha simbilisi hupoteza nguvu ndani ya miezi mitatu hivi tangu kusagwa. Vijiko viwili vikubwa vya punje kwa siku vinatosha.

Endeleeni kupima uzito kila wiki, na katika siku za matibabu kila asubuhi. Akipungua sehemu moja ya kumi, au akikaa nusu siku bila kula, msisubiri sindano inayofuata. Nanyi mkiona vipele vinavyowasha mikononi, utitiri huu hauzaliani kwa binadamu, vitaisha mnyama akipona. Vikiwa na duara lenye ukingo mwekundu, hicho ni choa, nendeni mkatibiwe.