Weka pesa mfukoni, hiyo darubini ya mara 20 usiiguse

Mkuu, umesema unakaa ghorofa ya nne, mtaa umebanana, na unataka kuwa karibu na viumbe. Kwa hiyo unawaza darubini inayokuza mara 20 na safari ya msituni kila mwisho wa wiki. Njia hiyo nimeshaipita, viatu nikaviacha hukohuko.

Darubini. Muuzaji aliniapia kwamba namba ikiwa kubwa, ndege anakuja mpaka puani. Hakuniambia kwamba na mtetemo wa mikono nao unakuzwa. Kwa mara 20, ukivuta pumzi tu shomoro anaruka kama yuko kwenye kikaango. Eneo unaloliona linakuwa finyu, unachungulia tundu la ufunguo. Ukija kulipata tawi, ndege alishahama zamani. Halafu giza! Yangu ilikuwa 20x50, yaani inakuza mara 20, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 50. Gawa 50 kwa 20: mwanga unaolifikia jicho ni duara la milimita 2.5. Alfajiri, wakati ndege ndio wamechangamka, mboni ya jicho imepanuka kuliko hapo, hivyo picha inafifia. Ile ya 8x42 inatoa milimita 5.25, haitetemeki sana, na waangaliaji ndege wengi ndiyo wanayobeba. Hesabu ya kugawanya tu hiyo, na mimi kazi yangu ni uhasibu. Cheka, nimeshazoea.

Yule bwana, popote alipo, namtakia mbu waliokuzwa mara 20. Mshahara wangu wa mwezi mzima ulibaki kwenye droo yake.

Msituni nilikwenda mara nne. Mwendo wa saa tatu kwenda, saa tatu kurudi, na kila nikifika jua limeshapanda, ndege wametulia kimya vivulini. Safari ya nne nililala chini ya mti nikaamshwa na siafu, ndio viumbe pekee niliowaona kwa karibu. Nikaacha kila kitu karibu miaka miwili.

Kilichonirudisha ni mti ulio nyuma ya kituo cha basi, hatua 80 kutoka mlangoni kwangu. Basi lilichelewa, sikuwa na la kufanya, nikainua macho. Tangu hapo sharti langu ni hili, na sipunguzi hata nukta: mahali pamoja, saa ileile, dakika kumi, siku 30, mikono mitupu.

Wiki ya kwanza utaniita mwongo. Ya pili utamjua shomoro mwenye mguu mbovu. Mimi niliwaona wanagaagaa vumbini nikadhani wamekula sumu. Kumbe ndivyo wanavyosafisha manyoya na kujipunguzia wadudu. Tumia na masikio. Baadhi ya ndege wa mijini huimba kwa sauti nyembamba zaidi kuliko wenzao wa msituni, maana ngurumo za magari ni nzito na zinameza sauti za chini. Siku ya ishirini na kitu, mti mzima ulinyamaza ghafla. Nikajua kuna jambo kabla sijaona chochote, mara kipanga huyo, anapita juu ya nyaya za umeme. Macho yangu tu, bila lenzi hata moja.

Siku ya 31 kama bado unawashwa, tafuta 8x42. Na ukikuta mahali 20x50 inauzwa, imetumika mara nne, mkanda bado unang'aa, usiulize mwenyewe ni nani.